Mazungumzo ya Nyumbani: Hofu ya Mwanafunzi Wakati wa Maradhi



Mwezi uliopita tulikutana waalimu wa dini na waalimu wa shule ili kusemezana habari za malezi. Hapo mwalimu mmoja wa kike alisimama akauliza swali, nalo limetukaa moyoni hata leo. Alisema, "Maradhi yakija, twajua kunawa mikono, twajua kumpeleka mgonjwa zahanati. Lakini mtoto asiye na homa wala kikohozi, ila moyo wake umejaa hofu hata hawezi kushika kitabu, huyo tumfanyie nini? Na je, kiko kitu cha kumkinga kabla hofu haijamshinda?" Watu walinyamaza. Sisi nasi tulinyamaza, kwa kuwa swali lile lilitukumbusha kosa letu wenyewe. Basi leo twataka kumjibu mwalimu yule, na kosa lile hatutalificha, maana wazee wamesema, Mficha maradhi kilio humfichua.

Kwanza na tukumbuke mambo yalivyokuwa. Tarehe 11 Machi 2020 Shirika la Afya Duniani lilitangaza kwamba ugonjwa wa korona umekuwa maradhi ya dunia nzima. Tarehe 16 mwezi ule ule serikali yetu ilitangaza mgonjwa wa kwanza katika Tanzania, naye alionekana Arusha. Kesho yake Waziri Mkuu, Bwana Kassim Majaliwa, alitangaza kwamba shule za awali, za msingi na za sekondari zifungwe, na siku iliyofuata vyuo navyo vikafungwa. Tuliambiwa siku 30, lakini siku 30 zilikwisha na milango ilikuwa bado imefungwa. Vyuo na kidato cha sita walirudi tarehe 1 Juni, na shule nyingine zote tarehe 29 Juni. Tena si kwetu tu, maana duniani kote wanafunzi zaidi ya milioni 1,000 walikaa nyumbani katika miezi ile.

Sisi wa Uluguru tuliwaona watoto wakirudi katika masika. Walishuka katika magari, wakapanda milima kwa miguu, matranka yao vichwani, mvua ikiwanyea. Wengine walikwenda Mgeta, wengine Matombo, wengine Kinole. Wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Sokoine na wa Mzumbe nao waliuacha mkoa wa Morogoro, wakaenda kwao. Wadogo walifurahi kama watu waliopewa likizo. Wakubwa, na hasa wenye mtihani mbele yao, hawakufurahi.

Sasa tuseme kosa letu. Katika kigango chetu alikuwako kijana mmoja wa kidato cha sita. Alirudi kutoka shule ya bweni, akakaa na mama yake na bibi yake mzaa mama, ambaye alikuwa mzee sana na mwenye kifua kibovu. Baada ya wiki chache kijana akaja kwetu jioni. Alikuwa amekonda. Alisema usiku hapati usingizi, moyo wampiga kama mtu aliyekimbia mlima, na akifungua kitabu macho yaona maneno lakini akili haishiki kitu. Tena alisema hivi: "Mwalimu, kama ugonjwa huu nimekuja nao mimi kutoka shule, na bibi akafa, nitaishi vipi?" Sisi tulimjibu upesi, maana jioni ile tulikuwa na shughuli. Tulimwambia, "Mkristu wa kweli haogopi. Hofu ni upungufu wa imani. Nenda ukasali." Alituaga kwa adabu, akaenda zake. Hakuja tena kwetu, wala Jumapili hakuonekana katika sala. Sisi tulidhani ameambiwa akae nyumbani kwa ajili ya maradhi. Kumbe alikaa nyumbani kwa ajili ya maneno yetu. Alikuja na mzigo mmoja, tukamrudisha na miwili: wa kwanza ni hofu, wa pili ni aibu ya kuwa na hofu.

Aliyemwokoa si sisi, ni mjomba wake. Wasomaji wetu wa Uluguru wajua kwamba kwetu mtoto ni wa ukoo wa mama, na mjomba ana neno juu yake. Mjomba yule si msomi, alama yake ni jembe. Lakini alimtazama kijana mara moja, akasema, "Huyu haumwi mwili, huyu amebeba kitu." Hakumhubiri. Alimchukua kila asubuhi wakapalilia maharage pamoja. Saa nne wanakula, kisha kijana anasoma mpaka adhuhuri, na mjomba anakaa karibu akichonga mipini. Mambo ya bibi waliyapanga pamoja, kwamba bibi alale chumba chake, dirisha lifunguliwe, wageni wasalimie kutoka uani, na ndoo ya maji na sabuni ikae mlangoni. Mjomba akamwambia, "Haya ndiyo yaliyo katika mikono yetu, nasi tumeyafanya. Yaliyobaki hayamo mikononi mwako wala mwangu." Katika wiki ya tatu kijana alianza kulala usiku. Juni akarudi shule, akafanya mtihani wake. Hakupata alama za juu sana, lakini alifaulu, na sasa yeye mwenyewe ni mwalimu. Sisi tulikwenda kwake tukamwomba radhi. Alicheka akasema, "Mwalimu, nilikuja kutafuta mtu wa kukaa nami, nikapewa mafundisho."

Neno lile ni zito, nalo limetufunza kuyasoma upya Maandiko tuliyodhani twayajua. Katika Kitabu cha Kwanza cha Wafalme twasoma habari za nabii Elia, alipomkimbia Malkia Yezebeli. Mtu yule aliyesimama mbele ya mfalme bila woga alikaa chini ya mti jangwani, akatamani kufa. Malaika wa Bwana alimfanyia nini? Hakumkemea, wala hakumwambia kwamba imani yake imepungua. Alimgusa, akampa mkate na maji, akamwacha alale tena, kisha akamlisha mara ya pili. Ndipo Elia alipopata nguvu za kuuendea mlima wa Mungu, na baadaye akapewa kazi ya kufanya, na mwenzi wa kufanya naye kazi, yaani Elisha. Tena Bwana wetu mwenyewe katika bustani ya Getsemane alihuzunika na kufadhaika, akawaomba rafiki zake wakeshe pamoja naye. Basi hofu si dhambi. Ingekuwa dhambi, Bwana wetu asingeionja.

Yafaa tutofautishe hofu na hofu. Iko hofu yenye faida. Ndiyo imfanyayo mtoto anawe mikono, avae barakoa, asome kwa bidii mtihani ukikaribia. Hofu hii huja na huenda. Lakini iko hofu nyingine isiyoondoka, ambayo haimfundishi mtu kitu ila yamla tu. Hii huonekana mwilini: usingizi hukatika, tumbo huuma bila sababu, moyo hupiga mbio, kichwa hugonga, mtoto hukasirika kwa neno dogo, au hunyamaza siku nzima. Watu wengine wakiona hayo husema mtoto amerogwa, au mizimu ya ukoo yamtaka, wakaenda kwa waganga na kuuza mbuzi. Ndugu zetu, tusifanye hivyo. Mtoto akisikia kwamba amerogwa, hofu yake huwa mara mbili, na tena huanza kumtazama jirani yake kama adui.

Wataalamu wameyachunguza mambo haya. Mwaka 2020, katika mji wa Changzhi nchini Uchina, waliulizwa wanafunzi 7,143 wa chuo kimoja cha utabibu. Karibu robo yao, yaani 24.9 katika kila 100, walionekana kuwa na fadhaa ya moyo. Lakini wengi wa hao fadhaa yao ilikuwa ndogo, na wenye fadhaa kali hawakufika hata mmoja katika 100. Basi mtoto mwenye hofu si kioja, wala si kwamba nyumba yake imelaaniwa. Wenzake ni wengi, na wengi wao hupona wakitunzwa. Mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani lilisema kwamba katika mwaka wa kwanza wa maradhi yale fadhaa na huzuni nzito ziliongezeka duniani kwa kadiri ya 25 katika kila 100, na kwamba vijana na wanawake ndio walioumia zaidi.

Wataalamu wale wa Changzhi walitafuta pia ni wanafunzi gani waliokingika. Waliona kwamba waliokaa na wazazi wao walikuwa na fadhaa kidogo kuliko wengine. Vivyo hivyo wale ambao mapato ya nyumba yao hayakutikisika, na wale waliokaa mjini. Aliyekuwa na ndugu au rafiki aliyeugua, huyo alizidi kuogopa. Na aliyekuwa na watu wa kumsaidia na kumsikiliza, hofu yake ilipungua. Mtu atauliza, "Mbona wasema mji hukinga, ilhali sisi twakaa milimani?" Twajibu kwamba huenda mji una habari za upesi na hospitali za karibu, na hilo humtuliza mtu. Lakini milima nayo ina mambo yake, yaani chakula shambani na watu wa ukoo walio karibu. Kazi yetu ni kuyatumia tuliyo nayo, na kuyatafuta tuliyoyakosa.

Basi haya ndiyo mambo tuyaonayo kuwa ngao ya mtoto.

La kwanza ni habari za kweli, tena kwa kipimo. Mwaka 2020 mtoto alisikia neno moja kwa jirani, jingine katika simu, jingine njiani. Baada ya mwanzo wa mwezi wa Mei hesabu ya wagonjwa nchini ilisimama kwenye 509, ikakaa hivyo zaidi ya mwaka mmoja, na palipo kimya uvumi hujenga nyumba. Januari 2021 Maaskofu wetu Katoliki wa Tanzania waliandika kuwaonya waamini kwamba maradhi yapo na wajikinge, na tarehe 28 Julai 2021 Rais Samia Suluhu Hassan alichanjwa mbele ya watu wote. Maneno ya wazi kama hayo huogopesha kidogo mwanzoni, kisha hutuliza. Nyumbani nako ni vivyo hivyo. Mzazi amwambie mtoto ukweli kwa kadiri ya umri wake, na asilolijua aseme, "Hili sijui, tutauliza zahanati." Kisha simu iwekwe chini, habari zisisikilizwe kutwa kucha.

La pili ni mpango wa siku. Kengele ya shule ikinyamaza, mtoto hupoteza saa zake: hulala mchana, hukesha usiku, na usiku ndio shamba la hofu. Mama na baba na waweke kengele ya nyumbani. Kuwe na saa ya kuamka, saa ya kazi, saa ya kitabu, saa ya mchezo, saa ya sala, saa ya kulala. Katika miezi ile masomo yalitangazwa redioni na katika runinga, lakini nyumba nyingi za milimani hazina runinga, na redio nyingine hazishiki vizuri. Hata hivyo twaliona watoto waliosoma vitabu vyao vya zamani kwa zamu, mkubwa akimfundisha mdogo, nao walifaidika wote wawili. Tena kazi ya shamba kwa kiasi ni dawa, maana mwili uliochoka hulala. Lakini tuangalie: kazi kwa kiasi. Mtoto asigeuzwe kibarua wa kubeba kabichi na viazi kutoka alfajiri hata jioni, kisha tukamwuliza mbona hasomi.

La tatu ni watu. Kila mtoto awe na mtu mzima mmoja wa kumwendea pasipo kuogopa. Huenda ni mama, huenda ni bibi, huenda ni mjomba au shangazi, huenda ni mwalimu wake. Mtu huyu kazi yake ni kusikiliza kwanza. Asiseme "Usiogope", maana nani aliyeacha kuogopa kwa kuamriwa? Amwulize, "Waogopa nini hasa?" Mara nyingi hofu kubwa, ikitajwa jina, hupungua. Nanyi waalimu, msiwasahau wanafunzi wenu shule zikifungwa. Mwalimu mmoja katika milima yetu aliwaandikia wanafunzi wake vikaratasi, akawapa wapita njia wawapelekee. Wengine wamevitunza hata leo.

La nne ni mambo ya fedha. Tangu mwaka 2016 shule za serikali hazitozi ada mpaka kidato cha nne, na tangu mwaka 2022 ada ya kidato cha tano na cha sita imeondolewa pia. Lakini mwaka 2020 mwanafunzi wa kidato cha sita alijua kwamba nyumbani hapana fedha, na wenye watoto katika shule za binafsi walijua zaidi. Wazazi, shaurianeni habari za madeni mkiwa peke yenu, si mbele ya watoto usiku. Mtoto akiuliza, mwambieni wazi kilichopo na mnachokitafuta. Asibaki akidhani kwamba yeye ndiye mzigo wa nyumba.

La tano ni binti zetu. Shule zilipofungwa, wapo wazee waliosema, "Shule imekwisha, basi binti na achezwe ngoma akaolewe." Wapo na wanaume waliojua kwamba binti yuko nyumbani peke yake wakati mama yuko shambani au gulioni. Hofu ya binti wakati ule haikuwa ya ugonjwa tu, ilikuwa pia ya kutorudi shule kabisa. Na mwaka ule aliyepata mimba hakupokelewa tena katika shule ya serikali. Tangu Novemba 2021 serikali imeruhusu wasichana waliojifungua warudi masomoni, nasi twalishukuru neno hilo. Lakini lililo bora ni kumlinda kabla. Binti aambiwe na baba na mjomba wake kwa kinywa chao wenyewe, "Shule ikifunguliwa, utarudi." Neno hilo moja ni ngao kubwa kuliko mnavyodhani.

La sita ni sala. Tarehe 17 hata 19 Aprili 2020 taifa zima liliitwa kusali siku tatu. Sisi Wakristu twajua kwamba sala ni nguvu. Lakini mtoto asipewe sala kama mtu apewavyo adhabu, au kama njia ya kumfukuza mlangoni, kama tulivyofanya sisi. Salini pamoja naye, katika nyumba na katika jumuiya ndogo ndogo, kwa sauti ya taratibu, mkitaja jina lake na jina la kitu anachokiogopa. Tena sala haiondoi sabuni wala chanjo wala dawa. Mungu ndiye aliyewapa watu akili ya kuvitengeneza.

La mwisho, kuna hofu ipitayo nguvu za nyumba. Ikiwa wiki mbili zimepita na mtoto hali, halali, hataki kuona watu, au ikiwa ameanza kusema kwamba afadhali afe, msingoje hata kesho. Mpelekeni zahanati au kituo cha afya, na huko wakiona haja watawaandikia kwenda hospitali ya mkoa mjini Morogoro. Wala mtu asimcheke kwa kutaja Mirembe. Mirembe ya Dodoma ni hospitali kama hospitali nyingine, na anayekwenda kutibiwa akili hana aibu kuliko anayekwenda kutibiwa mguu.

Ndugu zetu, pengine mtu atasema, "Korona imepita, ya nini kuyarudia?" Ni kweli kwamba Mei 2023 Shirika la Afya Duniani lilitangaza kwamba hali ya hatari ya dunia nzima imekwisha. Lakini mwaka ule ule wa 2023 ugonjwa wa Marburg ulitokea Kagera, na mwaka 2025 ukatokea huko tena. Kipindupindu nacho twakijua tangu siku za babu zetu: mwaka 1869 na 1870 kiliua watu wengi sana Unguja na Bagamoyo, wakati misioni ya Bagamoyo ilikuwa na umri wa mwaka mmoja au miwili tu. Maradhi huondoka na kurudi. Paa hutengenezwa wakati wa kiangazi.

Basi mwezi huu twaomba kila nyumba ifanye mambo mawili. Jioni moja, baada ya chakula, mwulizeni kila mtoto peke yake, "Ukiwa na hofu, ungemwendea nani?" Asiyekuwa na jibu, huyo ndiye wa kuangaliwa kwanza. Nasi waalimu wa dini, mtu akija mlangoni kwetu jioni na moyo wake umefadhaika, tumpe kiti kwanza, na mafundisho yangoje.

Mwezi ujao, Mungu akitujalia, tutasema habari za watoto waliofiwa na wazazi, na wajibu wa ukoo kwao. Mungu awabariki ninyi na nyumba zenu.